Kilo Zisirudi: Ya Kufanya Ukiacha Sindano ya Kupunguza Uzito

Mtu kupungua kilo kumi na tano kwa sindano si habari tena Nairobi, Dar es Salaam, Dubai wala London. Wasichoelezwa wengi siku wanapoandikiwa dawa ni yatakayowakuta watakapoiacha. Na wanaoiacha ni wengi. Mmoja ameishiwa fedha, mwingine kaikosa dukani, wa tatu kichefuchefu kimemshinda, wa nne anatafuta mtoto. Wapo pia wanaoona suruali ya zamani inawaenea, wakajiambia kazi imekwisha. Miezi mitatu baadaye njaa imerejea, mizani inapanda, na mhusika anajilaumu kwamba hana nidhamu.

Makala haya ni ya huyo aliyekwisha kuacha, na zaidi ya yule anayepanga kuacha. Kupunguza uzito ni kazi moja na kuutunza ni kazi nyingine, na hiyo ya pili huanza kabla ya sindano ya mwisho.

Kwa nini njaa inarudi

Dawa tunazozizungumzia ni za ukoo mmoja: semaglutidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, tirzepatidi, ambayo ni Mounjaro na Zepbound, na liraglutidi, inayojulikana kama Saxenda. Zote huiga homoni ambazo utumbo huzitoa mtu anapokula. Huuambia ubongo kwamba tumbo limeshiba, na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana mtu wa sahani mbili za pilau hutosheka na nusu sahani, na aliyekuwa akiwaza chakula kutwa hupitisha mchana mzima bila kukumbuka vitafunwa.

Utulivu huo hudumu maadamu dawa imo mwilini. Kiasi cha semaglutidi katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo wiki ya tano hadi ya saba baada ya sindano ya mwisho karibu yote imekwisha. Tirzepatidi huwahi zaidi, kwani nusu yake huondoka kwa siku tano hivi. Hapo mtu hubaki na mwili uliopungua, na mwili wa aina hiyo hudai kilo zake. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, huwa imeshuka. Ghrelini, inayoamsha njaa, huwa imepanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha vipimo vya watu waliopungua kwa mlo peke yake, na mabadiliko hayo ya homoni yalikuwa yangalipo mwaka mzima baadaye.

Tena mwili mdogo hutumia nishati kidogo. Aliyekuwa na kilo 95 na sasa ana kilo 80 akirudia sahani yake ya zamani, chakula kile kile kilichokuwa kikimtosha sasa kinamzidi, na kinachozidi hugeuka mafuta.

Majaribio ya dawa zenyewe yamelionyesha jambo hili wazi. Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililoitwa STEP 1, kundi lililofuatiliwa baada ya kuacha lilikuwa limepungua wastani wa asilimia 17.3 ya uzito kwa wiki 68. Mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya kilo hizo zilikuwa zimerudi, na nafuu waliyopata katika presha na vipimo vingine ilikuwa ikififia pia. Ikumbukwe kwamba watu wale walikatiwa dawa pamoja na ushauri wa mlo na mazoezi, vyote kwa mpigo. Katika jaribio la tirzepatidi, SURMOUNT-4, waliobadilishiwa dawa wakapewa sindano tupu isiyo na dawa waliongezeka asilimia 14 ndani ya mwaka. Hata hivyo, kama mmoja kati ya sita katika kundi hilo alibaki na angalau asilimia 80 ya upungufu wake. Inawezekana, basi, ila huhitaji maandalizi.

Miezi mitatu ya mwisho ya dawa

Wakati mzuri wa kujifunza kuishi bila dawa ni pale unapokuwa bado unaitumia, njaa ikiwa imelala. Miezi hiyo ndiyo ya kupanga saa za kula, kuzoea mboga nyingi, kuanza mazoezi ya nguvu na kununua mizani. Ukingoja mpaka hamu irudi ndipo ujifunze, utakuwa unapigana na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwanza kabisa, ongea na daktari. Mwenye kisukari asiache kimya kimya, kwa sababu sukari itapanda na huenda akahitaji dawa nyingine mara moja. Mwenye presha ambaye vidonge vyake vilipunguzwa alipopungua mwili anahitaji kupimwa upya kila mwezi. Mwenye maradhi ya moyo aulize kama kuna haja ya kuacha kabisa, maana kwake dawa hii inaweza kuwa inalinda zaidi ya kiuno. Anayetafuta mimba anapaswa kuacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla, na tirzepatidi angalau mwezi mmoja.

Uliza pia kama unaweza kushuka dozi ngazi kwa ngazi badala ya kukata ghafla. Baadhi ya madaktari hufanya hivyo ili mgonjwa aione njaa ikija taratibu na ajue namna ya kuipokea. Na ikiwa uwezo upo na dawa haikudhuru, kuendelea nayo si aibu. Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaouchukulia unene uliopindukia kuwa ugonjwa sugu unaoweza kuhitaji dawa ya muda mrefu. Hakuna anayemcheka mgonjwa wa presha kwa kumeza vidonge vyake kila asubuhi.

Jamaa zetu walioko Uingereza wajue haki yao. Wegovy kupitia NHS, huduma ya afya ya umma, imekuwa ikitolewa kwenye kliniki maalumu kwa muda usiozidi miaka miwili, na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, inataka anayeacha dawa aendelee kusaidiwa kwa angalau mwaka mmoja. Udai msaada huo. Huku kwetu, ambako wengi hununua dawa kwa fedha zao, usimamizi wa namna hiyo itabidi ujitengenezee: nesi wa zahanati ya jirani, mfamasia anayekujua, au ndugu ambaye hataogopa kukuambia ukweli.

Onyo moja kuhusu fedha. Bei inaposhinda, vishawishi vya kalamu za sindano za bei ya chini huja kwa WhatsApp. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Sindano usiyojua ilikotoka ni hatari kuliko kilo tano zilizorudi. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Baraza la Famasi kwa Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Kama huwezi, acha kwa mpango.

Sahani yako

Anza na protini, kwa sababu hushibisha muda mrefu na hulinda misuli. Wataalamu wengi wa lishe humshauri mtu aliyepungua apate gramu 1.2 au zaidi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kama gramu 96. Mayai mawili asubuhi yana gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, kikombe cha mtindi kama 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina zaidi ya 20, na cha kuku kinazidi hapo kidogo. Zinazobaki zitatoka kwenye dagaa, choroko, karanga na hata ugali wenyewe. Dagaa wakavu wasidharauliwe. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na bei yao haimshindi mtu. Mwenye maradhi ya figo aulize daktari kabla ya kuongeza.

Kisha geuza mpangilio wa sahani. Katika nyumba nyingi ugali au wali ndio mlima, na mboga ni kijito pembeni. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, sukuma wiki, bamia au kabichi. Robo iwe kitoweo. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, chapati au ndizi. Anza na mboga na kitoweo, umalizie na wanga. Tumia sahani ile ile ndogo uliyoitumia ulipokuwa kwenye dawa. Kwenye sinia la pamoja ni vigumu kujua umekula kiasi gani, hivyo jipakulie chako pembeni, ukae karibu na wenzako. Ukimaliza, ngoja dakika ishirini kabla ya kuamua kuongeza.

Yanayoponyoka macho ni mafuta na vinywaji. Mtazame mpishi anapounga sukuma wiki. Kitunguu kimeshakatwa, sufuria imepata moto, chupa inainamishwa, na mafuta yanamiminika mpaka roho yake iridhike. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kama kalori 120, na katika mmimino ule mara nyingi vimeingia vinne au vitano. Dawa ni kijiko: mafuta yapimwe, yasimiminwe. Kwenye vyakula vya nazi, pikia tui jepesi na uache tui zito kwa siku za sherehe.

Chai nayo ina hesabu yake. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kutwa, ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 48. Hizo ni kalori zipatazo 190 kila siku kabla hujagusa andazi. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea bila ugomvi. Soda ya kola ya mililita 500 ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na juisi za kopo hazina nafuu kubwa. Bia mbili za jioni ni sawa na mlo mdogo, tena huja na nyama choma ambayo hukuipanga.

Ramadhani na misimu ya harusi ni mitihani ya pekee. Wakati wa futari, fungua kwa tende na maji, unywe uji usiokolea sukari, uswali, kisha urudi mezani kwa mboga na kitoweo kabla ya kaimati, sambusa na viazi vya nazi. Ukiamua kula kaimati, kula tatu ukiwa umekaa na unazifurahia. Zinazomnenepesha mtu ni zile anazozidokoa akipita jikoni.

Misuli ndiyo akiba

Kilo zinazoondoka kwa dawa hazitoki kwenye mafuta peke yake. Katika vipimo vya baadhi ya majaribio, kati ya robo na theluthi moja na ushei ya uzito uliopotea ilikuwa sehemu isiyo mafuta, misuli ikiwemo. Kilo zikirudi bila mazoezi, nyingi hurudi zikiwa mafuta. Mtu anaweza kufikia uzito wake wa awali akiwa dhaifu kuliko alivyoanza.

Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2021 lina somo zuri. Watu wazima 195 walipunguzwa kwanza kwa mlo mkali, kisha wakagawanywa kwa mwaka mmoja: wengine liraglutidi, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, wengine sindano tupu. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa, waliokuwa wamechanganya dawa na mazoezi walikuwa wametunza upungufu wao vizuri kuliko waliotegemea dawa peke yake. Mazoezi waliyoyafanya wakiwa kwenye dawa yaliwafaa baada ya dawa.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kutia jasho kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Anayetunza uzito uliopungua alenge kati ya dakika 200 na 300. Ukishuka daladala au matatu vituo viwili kabla ya kwako, kwenda na kurudi, siku tano, utashangaa umefika wapi.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji gym. Simama kutoka kitini bila kushika popote, kisha keti polepole. Mara kumi, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Jaza maji madumu mawili ya lita tano, kila moja ni kilo tano, uyabebe ukitembea uani mpaka mikono ichoke. Sukuma ukuta kama unavyosukuma gari lililozimika, ukijizoesha kushuka hadi meza, hatimaye sakafu. Panda ngazi. Ikiwa magoti yanauma, anza na kiti kirefu na uende polepole. Mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia, mradi kila baada ya wiki chache uzito au mizunguko iongezeke.

Na ulale. Anayelala kwa muda wa saa tano tu huamka na njaa kubwa na hamu ya vitamu, na hakuna mpango wa mlo utakaoshinda usingizi mbovu wa kila siku.

Mizani na mstari mwekundu

Tangu mwaka 1994 kuna daftari la utafiti huko Marekani, National Weight Control Registry, linalowafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 wakautunza upungufu huo kwa mwaka au zaidi. Njia walizopunguzia uzito ni tofauti tofauti, lakini tabia zao za kuutunza zinafanana: robo tatu hujipima angalau mara moja kwa wiki, na tisa kati ya kumi hufanya mazoezi ya wastani wa saa moja kwa siku.

Jipime siku moja ya wiki, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Andika. Kama huna mizani nyumbani, tumia ya duka la dawa au ya yule kijana wa kando ya barabara, ila iwe ile ile kila mara. Chukua pia futi ya fundi cherehani na upime kiuno usawa wa kitovu.

Kisha weka mstari wako mwekundu: uzito wa siku ya sindano ya mwisho, ongeza kilo mbili. Kilo moja ya juma hili isikutishe, maana chumvi, hedhi na choo kigumu hupandisha mizani bila mafuta kuongezeka. Lakini ukivuka mstari wiki mbili mfululizo, usingoje mwezi uishe. Andika kila unachokula na kunywa kwa siku saba, hata karanga za ofisini. Rudisha mafuta kwenye kijiko na chai kwenye nusu sukari, na ongeza siku moja ya kutembea. Uzito ukizidi kwa asilimia tano, yaani kilo nne kwa mtu wa kilo 80, rudi kwa daktari. Kilo nne huzungumzika. Kumi na nne huja na presha na sukari.

Watu wa nyumbani

Kwetu mwili mkubwa bado ni dalili ya kutunzwa, na kukonda huleta maswali. Ulipopungua walikuuliza kama unaumwa. Kilo mbili zikirudi watakupongeza kwamba sasa umependeza. Pongezi hiyo ina nguvu kuliko chapati. Huna haja ya kumweleza kila mtu kuhusu sindano, lakini anayekupikia lazima ajue mpango wako, la sivyo atakupakulia kwa upendo ule ule wa zamani.

Kwa mama mkwe anayeongeza wali bila kuuliza, jibu la adabu lipo: “Ahsante mama, nimeshiba kweli. Nifungie kidogo nikale kesho.” Hataona umemdharau, na kesho utaamua mwenyewe. Kwa wifi anayesema umeanza kurudi, mjibu tu, “Najua, wifi, nalifanyia kazi,” kisha mgeuzie mazungumzo.

Kilo zikirudi licha ya yote

Kuna watakaofuata haya yote na bado wapande. Miili haifanani, na baadhi ya watu njaa yao ni kali kuliko mpango wowote wa sahani. Huo si uvivu. Daktari anaweza kukurudishia dawa ile ile, kukupa nyingine, au kukueleza kuhusu upasuaji pale inapofaa.

Usijirudishie mwenyewe. Kuna mtu atafungua friji, aikute kalamu iliyobaki miezi minne iliyopita, ajichome dozi kubwa aliyoishia nayo. Tumbo lililokwisha kusahau dawa litamtapisha siku nzima na kumkausha maji. Anayerudi baada ya wiki kadhaa kwa kawaida huanza tena na dozi ndogo, chini ya uangalizi, na kalamu iliyopitwa na muda hutupwa.

Kama sindano yako ya mwisho bado haijafika, fanya mambo matatu wiki hii. Andika uzito wako na mstari mwekundu kwenye karatasi ubandike mlangoni mwa kabati. Panga siku mbili za mazoezi ya nguvu na uanze nayo leo, kwa kiti na madumu. Weka miadi ya kumwona daktari mwezi mmoja baada ya kuacha, na mingine mwezi wa tatu, ukiwa mzima na kabla mizani haijakulazimisha. Na kama ulikwisha kuacha na kilo zimeanza kurudi, jipime kesho asubuhi, uandike, na uanzie hapo hapo ulipo.